Ulalo wa Bondeni

Tangu mkewe afariki, Mtoro, mwandika mabango wa Bagamoyo, aliweza kushinda siku tatu bila kuzungumza na mtu ila mteja. Kwa hiyo kazi ilipotokea kijiji cha mbali, mbele ya Fukayosi, aliipokea haraka. Wanakijiji walikuwa wamejenga daraja refu la mbao kuvuka bonde la matope, wakataka bango.

Jirani na daraja aliishi Bi Mize, ajuza wa miaka themanini na ushei, peke yake. Alimletea Mtoro maji ya kunywa, akakaa kumtazama.

"Unaandika nini hapo?"

"Daraja, bibi."

"Sisi tulikuwa tukiita ulalo."

Mtoro akasita, brashi mkononi. "Kwa nini ulalo?"

"Mti hukatwa ukalazwa juu ya maji, watu wakapita. Umelala, ndiyo ulalo. Hilo daraja lenu limetoka wapi?"

"Kwa Waarabu. Maalimu wetu chuoni alitueleza, kwao daraja ni kipandio cha ngazi."

Bi Mize akacheka mpaka akakohoa. "Hapa nani anapanda? Babangu alilaza miti mitatu hapo hapo, mmoja ukipokea mwingine. Niliokuwa nikivuka nao wote wamekwisha. Siku hizi nikisema ulalo, wajukuu hudhani nina usingizi."

Mtoro akamwendea mwenyekiti wa kijiji, Feisal, kumwomba ruhusa ya kuandika ulalo. Feisal akatikisa kichwa. "Fundi, andika neno watu wanalolijua."

Akaandika daraja. Bi Mize, asiyejua kusoma, akauliza, "Umeandika langu?"

Ingekuwa rahisi kumdanganya. "Hapana, bibi. Wamekataa."

"Haya." Akachukua kikombe chake. "Utakuja lini tena?"

Kazi ilikuwa imekwisha; Mtoro akakusanya brashi zake, akaaga. Alipofika kwake aliwasha taa, akafungua kinywa kusimulia habari ya lile neno, kisha akakifumba.

Ijumaa, baada ya sala, alikodi bodaboda hadi bondeni, kilo ya sukari mkononi.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kuitazama rangi."

"Marahaba, mwanangu. Rangi imekauka tangu juzi." Akamsogezea kigoda. "Kaa. Mkeo hajambo?"

Mtoro akakaa. Alikiweka kile kifuko cha sukari chini, akakisogeza, akakisogeza tena.

"Alikuwa akiitwa Adila," akaanza.