Risasi Saba za Papa Frans

Wout aliniambia kwamba nyundo ikigonga na risasi isitoke, nihesabu hadi sitini kabla mtu yeyote hajaigusa bunduki. Sikufika tisa.

Ilikuwa asubuhi ya Novemba, kwenye uwanja wa shabaha ulio nje kidogo ya Brussels, upande wa magharibi, pale nyumba za Berchem-Sainte-Agathe zinapokwisha na mashamba kuanza. Papa Frans, mzee niliyekuwa nikimtunza, alikuwa ameketi kwenye benchi, kitako cha bunduki begani, mtutu umelazwa juu ya mfuko wa mchanga. Nilisimama kuliani kwake, karibu kiasi cha kumdaka akiyumba. Wout, msimamizi wa uwanja, alikuwa ubavuni kwake kushoto, jicho kwenye darubini. Nyundo ilishuka. Tukasikia mgoto mdogo wa chuma, kisha kimya.

"Moja," nikasema. "Mbili."

Wakati huo nilikuwa na mwaka wa tatu nikimhudumia Papa Frans. Nilikuja Ubelgiji na mume aliyekuwa masomoni. Yeye akarudi Dodoma, mimi nikabaki na kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Nyumba ya Papa Frans ilikuwa Koekelberg, ghorofa ya nne, na dirisha la chumba chake lilijaa kuba la kijani la basilika kama kwamba kanisa lilikuwa linachungulia. Alikuwa na miaka themanini na saba. Siku ya kwanza nilipomwambia natoka Ujiji, alinijibu kwa Kiswahili ambacho sikukitazamia kinywani mwa Mflemi, Mbelgiji wa lugha ya Kiholanzi.

"Ujiji? Mimi nilikuwa ngambo, Albertville. Usiku tuliona mataa ya wavuvi mu ziwa."

Alikuwa bwana shamba huko, upande wa Kongo wa ziwa letu, kijana wa miaka ishirini na miwili, kuanzia mwaka hamsini na saba hadi sitini. Tangu siku hiyo nilimwogesha, nikampikia na kumvalisha kwa Kiswahili, chake cha Kongo na changu cha Kigoma, na hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Risasi alinionyesha mwaka wa pili. Zilikuwa saba, katika kisanduku cha mbao, kila moja nene kama kidole gumba changu, shaba yake imeota ukungu wa kijani. Zilitengenezwa zamani za babu yake, aliyekuwa askari upande wa magharibi wa ziwa miaka ya elfu moja mia nane na tisini na kitu. Bunduki ilining'inia ukutani. Babu alirudi navyo vyote viwili, akaoa, akafungua duka la mbegu, na hakuwahi kusema alichokifanya kule.

"Nilimwuliza siku moja," Papa Frans alisema. "Nilikuwa na myaka munane. Alitoka mu nyumba, akaenda kupalilia vitunguu."

Sasa alitaka kuzipiga zote kabla hajafa. Binti yake Griet, anayeishi Gent, aliona ni wazimu. Aliniambia kwenye simu kwamba risasi za miaka mia na thelathini ni za kuwekwa kwenye kabati la vioo au za kuharibiwa na wataalamu, basi. Lakini baba yake alikuwa na vibali vyake, alikuwa mwanachama wa klabu kwa miaka arobaini, na alikuwa mkaidi. Griet aliishia kuniomba niende naye ili asianguke.

Jumamosi iliyotangulia nilikwenda kusuka kwa Mignonne, kwenye Galerie d'Ixelles, nikamsimulia. Mignonne alizaliwa Kalemie, mji uleule ambao Papa Frans aliendelea kuuita Albertville. Mikono yake ilisimama kichwani mwangu.

"Ile masasi iliuaka batu, maman Zulekha. Zile zingine zilienda wapi? Anabakia na saba. Zilikuwa ngapi?"

"Sijui."

"Bon. Umuulize." Akaendelea kusuka, akivuta kwa nguvu kuliko kawaida.

Sikumwuliza. Nilimwuliza swali jingine, ndani ya gari la Wout, tukielekea uwanjani: anataka nini hasa? Papa Frans alifuta ukungu kwenye kioo cha dirisha.

"Kusikia sauti yake tu," akasema. "Batu ya kule baliisikia. Sisi tulibakia na sanduku."

Wout hakupenda shughuli hiyo. Alizipangusa risasi moja baada ya moja, akizigeuza chini ya taa, akitafuta nyufa. Alinieleza, polepole kwa ajili ya Kiholanzi changu, kwamba baruti ya kale haikuwa tatizo; baruti nyeusi ikiwa kavu haizeeki. Tatizo lilikuwa fataki, kile kitone cha dawa kitakoni kinachowasha moto. Huenda imekufa. Huenda pia haijafa, imesinzia tu, nayo ndiyo ya kuogopwa. Ndipo akanipa kazi ya kuhesabu. Papa Frans alikubali kuvaa vizibo vya masikio baada ya Wout kutishia kufunga uwanja, ila kimoja alikilegeza makusudi.

Risasi ya kwanza ilitoka. Nilitarajia mlio mkali, kama wa sinema. Haukuwa hivyo. Ulikuwa mzito na mpana, kama mlango wa ghala uliobamizwa na upepo, na niliuhisi kifuani kabla sijausikia. Moshi mweupe ulitoka mtutuni, ukasimama mbele yetu kama pazia, ukinuka mayai viza. Shabaha haikuonekana kabisa. Papa Frans aliinamisha kichwa, akasubiri moshi uondoke. Ya pili nayo ilitoka. Ya tatu ndiyo ile.

"Tatu. Nne."

Nilikuwa nikihesabu kwa sauti, lakini Papa Frans alikuwa na masikio mabovu, na ndani yake vizibo. Kwake yeye risasi ilikuwa imekufa, na jambo lilikuwa limekwisha. Alitaka kumwambia Wout. Kwa hiyo akageuka kumtazama, kama mtu mwenye adabu anavyogeuka kumtazama anayezungumza naye, na bunduki ikageuka pamoja naye. Mtutu uliteleza kutoka kwenye mfuko wa mchanga. Wout alikuwa bado ameinama kwenye darubini.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka baridi ya chuma. Niliukamata mtutu kwa mikono miwili, nikausukuma kurudi mbele na kuukandamiza kwenye mchanga, na midomo yangu iliendelea na hesabu peke yake. Sita. Saba. Papa Frans alinitazama kwa mshangao, karibu kwa hasira. Nane.

Ililia mikononi mwangu. Mfuko wa mchanga ulipasuka, na mbele yetu, hatua kumi hivi, udongo uliruka kama umepigwa teke.

Moshi ulipotutoka, Wout alikuwa ameketi chini, kwenye saruji, mgongo ukutani. Hakuwa ameumia. Alitazama mahali aliposimama, kisha akautazama mtutu, na nikamwona akichora mstari kwa macho kati ya viwili hivyo. Baadaye alisimama, akachukua bunduki, akaifungua, akatoa ganda, kisha akafunga uwanja.

Tuliketi kwenye chumba cha klabu, kahawa mbele yetu. Nilimshikia Papa Frans kikombe. Masikio yangu yalikuwa yanavuma.

"Ningemwua Wout," akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Na weye? Haukuogopa?"

Miaka mitatu sikuwa nimemwambia, na sikuwa nimejiandaa kumwambia siku hiyo. Nilisema tu. Kwamba mama wa bibi yangu hakuzaliwa Ujiji. Alizaliwa ng'ambo, upande wa Mpala, na alivushwa ziwa akiwa mtoto, amelazwa chini ya mkeka ndani ya mtumbwi. Kwamba bibi alinisimulia jinsi watu wa kijiji hicho walivyojifunza bunduki za askari: zilitoa risasi moja, kisha askari alilazimika kufungua na kutia nyingine. Kwa hiyo ikilia, walihesabu na kukimbia, wakilala kabla haijalia tena. Mtoto aliyejua kuhesabu hadi tano alihesabika mkubwa.

Sikusema ilikuwa bunduki ya babu yake. Sikujua, na hakuna wa kujua. Askari walikuwa wengi.

Papa Frans hakuomba radhi, na nilishukuru, kwa sababu nisingejua pa kuiweka radhi hiyo. Kisha akamwita Wout na kumwambia azivunje risasi nne zilizobaki, baruti aimwage na kuichoma nje, shaba aitupe.

"Umesikia ulichotaka?" nikamwuliza.

"Nilisikia bunduki," akasema. "Ule mutoto wa chini ya mukeka, jina yake nani?"

Nilijua mkeka, nilijua mtumbwi, nilijua hesabu. Jina sikuwahi kuuliza. Nilihisi aibu, na ilikuwa ajabu kwamba kati ya sisi wawili, aliyeona aibu mezani pale awe mimi.

Usiku wa siku hiyohiyo nilimpigia mama. Hakulijua. Alimwuliza dada yake, naye akamtuma mjukuu hadi Mwandiga kwa shangazi mmoja mkongwe asiyetumia simu. Siku tisa baadaye ujumbe wa sauti uliingia, kuku wakilia nyuma yake.

Papa Frans alikufa Februari. Lakini asubuhi hiyo ya ujumbe, mwishoni mwa Novemba, alikuwa ameketi kitandani akinyoosha mguu nimvishe kiatu.

"Jina limepatikana," nikamwambia. "Mwenya."

"Mwanya?"

"Mwanya ni pengo, Papa. Mwenya."

Alinisogezea sikio lake lenye nafuu. Nilirudia. Akalisema, akakosea, akalisema tena polepole hadi likatoka sawasawa, na akatazama usoni mwangu kuona kama ndivyo.

"Ndivyo," nikasema, nikamfunga kamba za kiatu.