Mguu wa Minza Kwenye Karatasi

Aloyce alikuwa anachora kuku wa kukaanga kwenye ukuta wa hoteli moja mjini Mpanda, pale shemeji yake Masele aliposhuka kwenye baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shemeji, kile kijitabu chako kiboko! Mama hakiachi."

Aloyce akashusha pumzi. Siku zote hizo moyo wake ulikuwa juu juu. Mkewe Monika alikuwa amelazwa akisubiri kujifungua, na binti yao Minza alipelekwa kijijini Kabungu kwa bibi yake, mama yao Monika na Masele. Na Minza si mtoto wa kubebwa ovyo. Alizaliwa na mifupa inayovunjika kwa kitu kidogo tu, ugonjwa ambao hata daktari alikiri ameusoma vitabuni, hajawahi kuuona kwa macho. Sasa utamweleza nani akuelewe? Tena mama mkwe! Kwa Wasukuma hawa aliooa kwao, mkwe hukai naye, humpi mkono, na chumbani kwake ndiyo usithubutu kabisa.

Ndipo akabuni ujanja. Alichora vikaratasi vingi, picha ya kila kimoja ikisogea kidogo kuliko ya kilichotangulia, akavishona upande mmoja. Ukiviachia kwa kidole gumba, picha zinatembea kama sinema: mtoto amelala, mkono unamshika mguu, unauvuta, na mguu uliokuwa mzima unavunjika na kupinda. Bibi akiona hivyo, aliwaza, hatamvuta Minza hata kwa bahati mbaya. Akampa Masele apeleke.

"Jana Minza kateleza mlangoni," Masele akaendelea, bado anatabasamu. "Mguu umepinda. Lakini msihofu, mama keshajifunza. Yeye anaanzia huku nyuma, anakuja mbele. Mguu umepinda, mkono unauvuta, unanyooka wenyewe! Nimemwacha anachemsha maji ya kumkanda, akimaliza amnyooshe."

Brashi ikamdondoka Aloyce.

"Mungu wangu, anaanzia nyuma?"

Hakungoja jibu. Aliidaka baiskeli ya Masele na kuondoka hata rangi hajafunika. Njia nzima alikuwa anajitukana kwa sauti. Mjinga wewe! Mshale mmoja tu wa kuonyesha mwanzo ungekushinda nini? Nani kakwambia kila mtu anaanzia unakoanzia wewe? Kwenye mchanga mnyororo ukachomoka, akashindwa kuurudisha, akaanza kukimbia huku anaisukuma baiskeli na kulia kama mtoto. Maji yalikuwa yamechemka kitambo, hilo alilijua.

Alipofika uani alimsikia Minza. Hakuwa analia, alikuwa anasihi: "Bibi, polepole. Bibi, polepole."

"Mama, usivute!" Aloyce alipiga kelele.

Mama mmoja jirani akamzuia mlangoni. "Baba, vipi tena? Humo yumo mkweo!"

Aloyce akasimama. Kweli alisimama, aibu ikamshika miguu, na hilo hatajisamehe. Kisha Minza akapiga yowe, naye akampita yule mama na kuingia mpaka chumbani.

Mama mkwe alikuwa amepiga magoti kitandani, mikono yote miwili kwenye kifundo cha mguu wa mtoto. Alipomwona mkwewe amesimama mbele yake alishtuka, akauachia mguu na kujifunika kanga usoni. Mguu ukabaki umelala pale, umepinda, umevimba.

Kijitabu kilikuwa wazi kwenye mto.

"Baba," Minza alisema, jasho linamtiririka, "nimevumilia. Bibi ananitengeneza kama ulivyomchorea."

 Aloyce alikaa chini kwenye udongo, kichwa mikononi. Mama mkwe akaongea ndani ya kanga, sauti inakwaruza.

"Baba, niliumia mimi kuliko yeye. Niliona tu wewe umesema nivute."

"Nimekosea mimi, mama."

"Basi usinichoree tena. Nionyeshe."

Akanyoosha mikono, uso bado umefunikwa. Aloyce akaishika, mikono ya mkwe wake, akaipitisha taratibu chini ya mgongo wa Minza, na pamoja wakaanza kumwinua bila kuuvuta mguu.