Tano za Dada

Tangu akiwa mtoto walimwita Profesa, kwa kuwa alikuwa hachoki kuuliza. Aliuliza kwa nini birika huimba kabla maji hayajachemka, kwa nini mjomba akilala mdomo unabaki wazi, kwa nini wakubwa wanacheka jambo lisilochekesha. Wengine walimfukuza akacheze nje. Aliyemjibu siku zote alikuwa dada yake, mkubwa wake wa kutosha kumbeba mgongoni. Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyeshika nyumba. Aliacha shule, akajifunza kupiga chapa, akaajiriwa idara ya maji, na kwa vidole vyake kumi akamsomesha mdogo wake mpaka chuo kikuu.

Chuoni Profesa alisomea saikolojia, na alipofika shahada ya pili akachagua kuchunguza hofu ya kompyuta. Wakati huo kompyuta ndiyo kwanza zinaingia maofisini, na watu wazima waliokuwa mafundi wa kazi zao walianza kutokwa jasho mbele ya vioo vile kama wanafunzi wa siku ya kwanza. Profesa alitunga kipimo. Kilikuwa na sentensi kadhaa, na kwa kila moja mtu alichagua namba, kuanzia moja, yaani hakubali hata kidogo, hadi tano, yaani anakubali kabisa. "Nikikaa mbele ya kompyuta moyo hunienda mbio." "Naogopa nikibonyeza vibaya nitaharibu kazi ya wenzangu." Hizo zilipima hofu. Nyingine zilipima jambo lililomgusa zaidi, kule kujiona umeachwa nje. "Kompyuta ni vitu vya watu wengine, si vya watu kama mimi." "Wenzangu wakizungumzia kompyuta, najiona mgeni katika ofisi yangu mwenyewe."

Mahali pa kwanza alipojaribu kipimo chake, mambo hayakwenda. Watu waliogopa kuonekana wajinga, wakajaza moja na mbili toka juu hadi chini. Kwa karatasi zile, ungedhani walizaliwa na kompyuta mapajani. Msimamizi wake chuoni alizipitia akazisukuma pembeni.

"Ukiniletea tena majasiri watupu," alimwambia, "huna utafiti."

Dada aliposikia, alijifunga kibwebwe. Kesho yake alimfuata meneja wa idara ya maji, akamwambia ana mdogo wake anayesomea mambo ya vichwa vya watu, na kwa kuwa kompyuta zinakuja, si vibaya akaja kupima. Meneja alikubali. Alichotaka ni apewe matokeo ya kila kitengo, ajue mafunzo yaanzie wapi.

Jioni ya kuamkia kazi ile, ndugu wawili walikaa mezani wakinywa chai. Profesa alikuwa hatulii.

"Naomba nipate japo mtu mmoja anayeogopa kwelikweli," alisema. "Mmoja tu, Dada. La sivyo narudi kuanza upya."

Dada alikoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Utampata," alisema.

Asubuhi wafanyakazi walikusanyika ukumbini. Profesa alisimama mbele, tai imembana, akawaambia hakuna jibu sahihi wala jibu baya, waandike kitengo tu, wasiandike majina, na hakuna atakayejua nani kasema nini.

"Na asiyeogopa," aliuliza dereva mmoja kutoka nyuma, "anapewa kompyuta aende nayo nyumbani?"

Ukumbi mzima ukacheka, na kicheko kile kikawalegeza. Wakainama, wakajaza. Dada alikaa safu ya mbele, mgongo umenyooka, akamaliza wa kwanza.

Profesa alipozipanga karatasi kwa vitengo, ya uchapaji ilikuwa moja tu. Wapiga chapa walikuwa wawili, na mmoja alikuwa likizo ya uzazi. Kwa hiyo hakuhitaji jina kujua ni ya nani. Ilikuwa na tano. Tano kwenye moyo kwenda mbio, tano kwenye kuharibu kazi, tano kwenye ugeni, tano mpaka chini.

Alishika kichwa. Alimwona Dada akirudi nyumbani kila jioni, akivua viatu, akiuliza habari za chuo, kumbe muda wote amebeba mzigo huo peke yake. Alimwonea huruma mpaka macho yakamlowa. Lakini chini ya huruma ile kulikuwa na kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa furaha. Amepata alichokitafuta.

Alichora jedwali. Kila kitengo kilipata mhimili wake, mrefu kadiri ya hofu ya watu wake, na ule wa uchapaji ulipanda juu ya mingine yote. Sasa, kulikuwa na kanuni ambayo Profesa aliijua vizuri, kwani yeye mwenyewe aliwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kitengo chenye watu wachache hakiachwi peke yake. Kinaunganishwa na kingine, mtu asije akatambulika. Akaunganisha uchapaji na masjala. Ule mhimili ukashuka, ukajichanganya na wenzake, na jedwali zima likawa halina la kusema. Alilitazama, akakumbuka maneno ya msimamizi. Akavitenganisha tena. Nani atakaa kuhesabu wapiga chapa? alijiambia.

Alipoletewa jedwali, meneja aliweka kidole pale pale.

"Hawa wana nini?"

Hapo ndipo angeweza kusema kwamba namba ile haifai kuangaliwa peke yake. Neno lilimfika mdomoni akalimeza. Badala yake alieleza hofu ni nini na ugeni ni nini, ulimi ukateleza kama umepakwa mafuta, na meneja akawa anaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Profesa alitoka ofisini mle akijiona mtu mzito.

Haukupita muda mrefu, Dada akarudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Wamenihamishia stoo," alisema akiketi. "Kwenye mabomba na mita mbovu. Meneja kaniita, kaniongelesha kwa upole kama naumwa. Kasema, 'Mama, huko utatulia.' Nitulie nini? Nani kamwambia nahangaika?"

Profesa alikuwa ameshika kipande cha mkate. Alikirudisha sahanini.

"Labda ni mabadiliko tu," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza.

"Mabadiliko! Ni yule katibu muhtasi, namjua. Tangu zamani ananionea kijicho. Lazima kaenda kunichongea."

Tangu siku hiyo Dada alimnunia katibu muhtasi. Alipita mlangoni kwake kama anapita ukuta. Salamu alizopewa hakuzijibu. Kila jioni alimrarua kwa maneno pale mezani, na Profesa akakaa akisikiliza mtu asiye na hatia akibebeshwa kosa lake. Nafsi ilimsuta hadi chakula kikawa hakipiti. Dada akadhani ni uchovu wa masomo, akawa anamwekea kipande kikubwa zaidi. Ule wema ndio uliomuumiza kuliko chochote. Mara kadhaa alifungua kinywa aseme, akaishia kuomba chumvi.

Chuoni mambo yalimnyookea. Msimamizi alilitazama jedwali, akatabasamu, akasema sasa hapa pana utafiti. Profesa alirudi nyumbani na sifa hizo kama mtu aliyebeba kitu cha wizi chini ya koti.

Siku moja aliamua kwenda stoo kumwona. Ilikuwa nyuma ya jengo, chumba kirefu chenye dirisha moja juu, mabomba yamelazwa hadi darini na mita za maji zimerundikwa kwenye makreti. Dada alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akizifunga mita lebo kwa waya. Vidole vile vilivyokuwa vikikimbia kwenye mashine mpaka huvioni sasa vilikuwa na mikwaruzo ya waya. Alipomwona mdogo wake uso ukamng'aa. Akainuka, akajipangusa mikono kwenye gauni, akamwita mtunza stoo, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Njoo umwone! Huyu ndiye Profesa wangu niliyekuwa nakwambia. Ndiye aliyetupima wote hapa."

"Ahaa," alisema mtunza stoo akimpa mkono. "Dada yako hana hadithi nyingine humu ndani. Ni wewe asubuhi, wewe mchana."

Profesa alishindwa kuvumilia. Alimwomba Dada watoke nje, wakasimama kando ya ukuta, na bila kumtazama usoni akamwaga yote. Akamwambia habari za karatasi moja, kanuni aliyoijua akaiacha, kidole cha meneja, na maneno aliyoyameza.

Uani lori lilikuwa linarudi nyuma, Dada akangoja limalize.

"Kwa hiyo katibu muhtasi hana kosa," alisema hatimaye.

"Hana."

"Na nimemnunia muda wote huu. Mtu kanipa pole, nikampa kisogo."

"Kosa ni langu, Dada. Sikujua kama unaogopa kiasi kile. Ungeniambia ningekufundisha taratibu, mimi na wewe, pale nyumbani..."

"Nani kakwambia naogopa?"

Profesa aliinua macho.

"Naogopa kidogo, kama mtu yeyote," Dada alisema. "Ila hata mashine ya taipu niliiogopa mwanzoni. Zile tano nilikupa wewe. Si ulikaa pale mezani unaomba upate mtu mmoja? Nikasema huyu mtoto akirudi mikono mitupu watamtimua. Nikakujazia." Akacheka kidogo, kicheko kikakatika. "Ulisema hakuna atakayejua. Nikajua utajua wewe tu, nawe huwezi kunidhuru."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele Profesa angeona nafuu. Alijipangusa macho kwa kiganja, akarudi ndani kwenye mita zake.

Kesho yake Profesa alikwenda kwa meneja, akamweleza kwamba namba ya uchapaji ni ya uongo na uongo wenyewe ameusababisha yeye. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kijana, nafasi ile nimeshampa mtu, na ameshafundishwa. Nikimrudisha dada yako, nimtoe huyo nimpeleke wapi? Na huyo naye ana kosa gani?"

Profesa alitoka hapo akaenda chuoni, akamwomba msimamizi waiondoe idara ya maji katika utafiti wake. Msimamizi alikasirika, akamwita mpumbavu, halafu akakubali. Kazi ikabaki nyembamba, akahitimu nyuma ya wenzake, bila sifa yoyote. Alidhani akishalipia hivyo moyo utapoa. Haukupoa. Dada alikuwa bado stoo, na huko ndiko alikobaki hadi alipostaafu.

Mambo yake mengine Dada aliyatengeneza mwenyewe. Alikwenda kwa katibu muhtasi, akamwomba radhi mlangoni pale pale alipokuwa akipita kama kipofu. Yule mama alimshika mkono, akamvuta ndani, akafunga mlango, na wakacheka mpaka wahasibu wakatoka kuangalia. Baada ya hapo, saa za mapumziko, Dada alikuwa anaketi kwenye kiti cha katibu muhtasi akijifunza kompyuta. Ilipoletwa moja stoo, ni yeye aliyeiwasha, huku mtunza stoo akisimama mbali asije akarushwa na umeme.

Profesa alijitolea kumfundisha yaliyobaki.

"Asante," Dada alisema. "Nimeshapata mwalimu."

Alisema kwa upole, tena akamsogezea kiti akae. Ila kiti kile hakikuwa cha mbele ya kompyuta.

Miaka ilipita. Profesa alioa, akapata ajira, akawa anakwenda kumwamkia dada yake kila Jumapili. Walizungumza kama ndugu wanavyozungumza, habari za watoto, za paa linalovuja, za miguu ya Dada iliyoanza kuvimba. Jumapili moja, watoto wakiwa uani, alijikaza akauliza swali ambalo alikuwa amelikwepa muda wote huo.

"Dada, ulishanisamehe?"

Dada alimtazama. Alimtazama usoni kwa makini, polepole, kama anayetafuta humo mdogo wake anataka kusikia nini.

"Nilishakusamehe zamani," alisema. Kisha akamimina chai, akauliza kama mke wake amepona kikohozi.

Profesa akajibu kwamba amepona. Akainua kikombe akinywa chai ambayo bado ilikuwa ya moto mno, asijue kama ameambiwa kweli au amepewa tu kile alichokuja kukitaka.