Mgeni wa Mlango wa Uani

Tangu jana alfajiri msusi alikuwa akizunguka katika chumba chao kimoja, kitandani hadi dirishani, dirishani hadi kitandani. Kila uchungu ulipomjia alishika ukuta kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayeuzuia usianguke. Mama mkwe wake alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimtazama.

"Mimba ya kwanza haina haraka," alisema. "Jikaze, mwanangu. Ukifika hospitali watakupasua tu. Siku hizi mwanamke akiguna mara mbili, kisu."

Katika mtaa ule nyumba zilibanana hata ukipiga chafya huku, unaombewa afya chumba cha pili. Mwanamke aliyepasuliwa alisemwa kwa midomo iliyopinda. Hakuzaa, alizalishiwa. Mtoto wake kapitia mlango wa uani. Msusi mwenyewe aliwahi kuucheka utani huo, vidole vikiwa kwenye nywele za mteja.

Mumewe, fundi wa rangi, aliporudi kutoka kibaruani na madoa meupe mpaka kwenye kope, alimwangalia mkewe mara moja tu usoni. Alitoka kutafuta gari bila kumwomba mama yake ruhusa.

Hospitalini daktari alimpapasa tumbo polepole, akasimamisha mkono ubavuni. "Kichwa kiko huku. Mtoto amekingama, hawezi kupita hivi. Tumpasue mama sasa hivi."

"Tungoje kidogo," mama mkwe alisema. "Huenda akageuka."

Msusi aliwatazama wote wawili kana kwamba wako ng'ambo ya maji. "Nipeni kalamu," alisema, akatia kwenye fomu ya upasuaji sahihi iliyopinda kama mjusi.

Chumba cha upasuaji kilikuwa na baridi na mwanga mwingi. Sindano ilimwingia mgongoni, kisha joto likashuka miguuni, na baada ya joto hakukuwa na kitu.

"Miguu yangu imekwenda wapi?" aliuliza.

"Ipo. Imelala kabla yako," alijibu mama wa ganzi, yule aliyemdunga sindano, sasa ameketi karibu na kichwa chake. Macho tu ndiyo yaliyoonekana, kati ya barakoa na kofia ya kijani. "Unafanya kazi gani, mama?"

"Nasuka."

"Mimi ungenisukaje?"

Msusi alimvua ile kofia ya kijani kwa mawazo, na nywele zikamwagika nyingi, laini, zisizo na mwisho. Akaanza kuzigawa. Msuko wa kwanza ulifika sakafuni, ukapita chini ya mlango, ukatambaa uchochoroni kwao ambako wateja wake waliushika mmoja mmoja wakiupitisha mbele, na hakuna aliyeuliza unakokwenda. Chini ya pazia la kitambaa watu walimvuta huku na huku bila maumivu, kama mtu anayepekua kapu la mwenzake akitafuta ufunguo. Akaendelea kusuka. Mtu alisema, "Bonyeza hapo juu." Halafu kimya, kirefu mno, na vidole vyake vya ndotoni vikasita.

Ndipo ikaja sauti nyembamba ya kulalamika, kama ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati.

"Binti," alisema mama wa ganzi. Wakamlaza shavu kwa shavu na mamaye, na lile shavu dogo lilikuwa na joto la mkate.

Siku ya pili mama mkwe aliingia wodini na beseni la maji ya uvuguvugu. Msusi hakuweza kuinama, basi mkwewe alimwosha miguu, akapanda taratibu hadi kwenye bandeji. Mkono ukasimama.

"Mumeo si mtoto wangu wa kwanza," alisema. "Alitanguliwa na dada yake. Naye alilala hivihivi tumboni, amekingama. Niliambiwa nijikaze, nikajikaza siku tatu. Nilisukuma vizuri sana. Wote walinisifu."

Maji yalidondoka kutoka kwenye kitambaa.

"Sikuona macho yake," akaongeza. "Hakuwahi kuyafungua."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningesema kisu kinaokoa, ningeishije na nafsi yangu? Ilikuwa rahisi kusema kisu ni cha wavivu." Akakamua kitambaa. "Nisamehe. Nilikuchelewesha."

Msusi alimshika kifundo cha mkono wakakaa hivyo, maji yakipoa.

Walirudi nyumbani baada ya siku nne. Mchana ule, akiwa amelala ubavu na dirisha wazi, msusi alimsikia jirani bombani.

"Kumbe mgeni kapitia mlango wa uani."

"Kapitia huko," sauti ya mama mkwe ilijibu, bila hasira. "Wa mbele ulikuwa umefungwa, na mimi ndiye niliyekuwa nimeuegemea. Mgeni ni mgeni, mwenzangu. Karibu umwone."

Maji tu yaliendelea kujaa ndooni.

Mama mkwe aliingia akafuta mikono, akampokea mtoto. Mwanga wa jua uliopita kwenye pazia ulitandaa sakafuni kama maziwa. Kidonda kiliwasha, kisha kikatulia, na msusi akaanza kuzama usingizini.

"Mlaze sasa, mama, mikono itakufa ganzi."

"Ife," alisema mama mkwe. "Lala wewe."

Jua liliihama sakafu, likapanda ukutani, naye bado alikuwa amempakata, akimtazama macho.