Taa za Mama Cherehani

Mama Cherehani alifunga taa mpya kwenye boti yake, aliyoifanya duka la kushonea, siku ya Jumanne, amekaa kwenye kiti chake cha kushonea, akiwa ameligeuzia gati mgongo. Waya wa umeme wa gati ulikuwa unamlia hela ya uzi na ya vifungo, naye alikuwa amechoka kuulisha. Alivichomoa vitaa vya tochi zilizokufa, akavipanga ndani ya vikopo vya mafuta ya kujipaka, akavitandikia ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya boksi la majani ya chai ili mwanga usipotee bure. Betri ilikuwa ya pikipiki. Paneli ya jua juu ya paa haikuzidi upana wa sinia.

Zikabaki taa mbili za ubavuni. Gati lilitaka kila boti, hata iliyofungwa kamba, iwe na nyekundu kushoto na kijani kulia, ukiwa umetazama mbele. Mama Cherehani alikuwa ametazama nyuma, basi akazibadilisha bila kujua. Kwa aliyekuwa kule majini, boti ikaonekana kama chombo kinachomjia kumchukua.

Jioni hiyo abiria wakaanza kupanda.

Walikuwa abiria wa boti hiyohiyo, iliyozama nao mwaka juzi. Tajiri, aliyekuwa mwenye boti wakati huo, aliiopoa, akaizibaziba, akamuuzia Mama Cherehani kwa bei ya kuni. Walipanda kwa nyuma, mmoja mmoja, nguo zikichuruzika, wakakaa kwenye viti vyao. Viti vilipojaa, waliobaki wakasimama, kama siku ile. Mama Cherehani alisogeza vitambaa vya wateja visilowe, akaendelea kupinda pindo.

Kati ya waliosimama alikuwepo mdogo wake, kikapu mkononi.

"Dada, umenenepa."

"Na wewe umelowa. Usiegemee hizo sare, za watoto wa watu."

Tajiri alikuwa ameshasema: waliopanda siku ile walitosha viti, na wengine hawakuwemo. Mdogo mtu, akasema, atakuwa amefuata mwanamume. Shemeji, mume wa mdogo mtu, aliamini, akaoa mwingine. Wapakiaji wa gatini nao hawakuacha kumchokoza Mama Cherehani. "Mdogo wako anakusalimu! Tumemwona kwenye lori, kiti cha mbele!"

Mkaguzi wa gati alifika kabla chai haijachemka. Ndiye aliyeiruhusu boti kuondoka siku ile. Alipita katikati ya abiria akisema samahani, samahani, huku akiwahesabu kwa ncha ya kalamu.

"Mama, umezidisha."

"Nimezidisha nini?"

"Watu. Hawa wote waliosimama."

"Kumbe unawaona?"

"Nitaachaje kuwaona, na wamenilowesha viatu?"

Mama Cherehani akaweka mkasi chini. "Basi andika walikuwemo. Anza na huyu, mdogo wangu. Kaandikwa malaya mji mzima, leo mwandike abiria."

Mkaguzi akamtazama mdogo mtu, akatazama kikapu, akakuna shingo. "Siku ile boti ilikuwa ya Tajiri, mama. Leo ni yako." Akaandika faini, akaichana kitabuni, akamkabidhi kwa mikono miwili kama mtu mwenye adabu zake. "Na hizi taa uzitoe. Zinaita watu."

"Sizitoi. Betri yangu, jua si la baba yako. Njoo uzichomoe mwenyewe kama una ubavu, na upite katikati yao tena."

Mkaguzi akavitazama viatu vyake, akashuka.

Karatasi ya faini ilikuwa nzito, ya kufaa. Mama Cherehani aliipima kwa shubiri, akaikunja mikunjo kama ya sketi, akakivisha kitaa kipya, akakitundika kule nyuma ambako waliosimama walikuwa gizani.

"Hapo sawa?"

"Kulia kidogo," alisema mdogo wake. "Hapo. Sasa naonekana."

Wakati huo boti mpya ya Tajiri iliondoka gatini, imejaa mpaka mlangoni, haina taa hata moja. Mkaguzi aliipungia mkono. Wale waliosimama wakaifuata kwa macho mpaka ikamezwa na giza, kisha, bila kuambiwa na mtu, wakabanana kidogo wakaacha nafasi.

Mama Cherehani naye aliiona. Akavuta kapu la vikopo, akachagua kingine, akaanza kukifuta.