Meneja na Takwimu ya Pili

Mtaani kwetu mume wangu anaitwa Meneja, ingawa hajawahi kuwa meneja wa kitu chochote. Anasimamia ghala la kampuni ya vifaa vya ujenzi. Jina alipewa na wapakiaji kwa sababu ya mashati yake, ambayo mimi mwenyewe humshonea, na ambayo hayajawahi kutoka nje ya mlango bila kupigwa pasi.

Akiwa na umri wa kuitwa babu na watoto wa jirani, alirudi nyumbani jioni moja akaniambia amejiandikisha chuo. Masomo ya jioni, shahada ya biashara, mchepuo wa fedha. Nilidhani ananitania.

"Fedha? Kwa nini usisome biashara tu kama watu wengine?"

"Mama watoto, mimi kila siku napokea mizigo na kutoa mizigo," akasema. "Kuna watu ghorofani wanaamua tununue nini, tufungue tawi wapi, tusubiri au tusisubiri. Wana lugha yao. Nataka na mimi niisikie."

Mtu anayetaka kusikia lugha, utamziba masikio?

Baadaye binti yetu mkubwa naye akaingia chuo kilekile, kozi ileile, masomo ya mchana. Kwa kuwa baba yake alichukua masomo machache kila muhula na yeye alijaza ratiba mpaka pomoni, alimfikia. Mwaka wa mwisho ukawakuta pamoja. Nyumba ilikuwa na meza moja ya maana, ile yangu ya kukatia vitambaa, na wote wawili waliigombea. Magauni ya wateja nikawa nayakatia sakafuni, magoti yananiuma, lakini moyoni natamba.

Muhula wa mwisho ulipoanza, mshauri wa masomo akamwita mume wangu ofisini. Alirudi akaketi sebuleni na viatu vyake miguuni, jambo asilolifanya hata akiwa na homa. Nikazima cherehani.

"Kuna nini?"

"Uhasibu nimemaliza. Sheria za biashara, uchumi, mafunzo kwa vitendo, vyote nimemaliza," akasema. "Kimebaki kitu kimoja. Takwimu ya Pili nilipata D."

"Si ulisema D ni kufaulu?"

"Kwa biashara ya jumla, ndiyo. Kwa mchepuo wa fedha wanataka C. Hesabu za hatari za uwekezaji zote zinasimama juu ya somo hilo." Akajipapasa uso. "Imeandikwa kwenye mwongozo wa wanafunzi. Niliusoma wote. Sijui hilo lilinipitaje."

Alikuwa na nafasi moja ya kurudia mtihani. Akishindwa, chuo kingempa shahada ya biashara ya jumla, bila fedha.

"Shahada si shahada tu?" nikamwambia, nikijaribu kumpoza.

Akanitazama kana kwamba nimemwambia aende kazini na shati la mtu mwingine. "Usimwambie mtoto," akasema. "Tafadhali."

Sikumwambia. Naapa pia kwamba sikujua jambo lililofuata. Idara yao ilikuwa na darasa la marudio Jumamosi asubuhi, likifundishwa na wanafunzi waliofanya vizuri. Nilijua binti yetu anafundisha huko. Nilidhani anafundisha uhasibu.

Nilisimuliwa na kila mmoja kwa upande wake. Mume wangu anasema alifungua mlango, akamwona binti yake ubaoni na kalamu mkononi, akaufunga polepole ili asimsumbue mtu. Binti anasema hakuuona uso, aliona kola ya shati, na kola za mama yake anazijua. Akamfuata mpaka kwenye ujia.

"Baba! Darasa ni hili."

"Nimepotea njia, mama. Natafuta maktaba."

"Maktaba iko jengo lingine, na unalijua. Ingia."

Vijana wote wakageuka. Mmoja akauliza, "Ni baba yako kweli, au unamheshimu tu?"

"Ni baba yangu kabisa, wa kunizaa. Mpisheni kiti cha mbele."

Jioni hiyo tulikula pamoja. Mwishowe binti akasema, "Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Mimi ndiye niliyekufundisha kuhesabu."

"Ndiyo maana najua kuhesabu," akamjibu.

Basi wakaanza kazi. Mtoto yule ana roho ngumu akifundisha. Jumamosi moja baba yake alichelewa kwa sababu ya lori lililoleta mabati, akakuta mlango umefungwa, akasubiri nje mpaka mapumziko. Alikuja kunishtakia: "Huyo mwalimu wako ana adabu kweli?" Lakini alikuwa anacheka.

Kicheko hakikudumu. Mazoezi yake yalikuwa hayatoki sawa. Binti alinifuata kwenye cherehani, uso umemshuka.

"Mama, simwelewi baba. Ukimwuliza kwa mdomo anajibu kama mhadhiri. Kanuni zote anazo. Ukimpa karatasi, jibu linatoka pembeni kidogo. Kila mara pembeni kidogo. Labda nafundisha vibaya."

"Hufundishi vibaya."

"Sasa ni nini?"

Mume wangu naye alikuwa amepungua maneno. Alikaa mezani na kalamu, hageuzi ukurasa.

Siku moja mchana walikuwa mezani, mimi nashona pindo. Kuna jedwali refu wanalolitumia kwenye takwimu, ukurasa mzima wa tarakimu, ndogo kama chenga za mchele. Nikaona mume wangu ameinyoosha karatasi mbali mpaka mkono umekwisha, kichwa kakirudisha nyuma. Binti naye akaona.

"Baba, nisomee mstari huu."

Akausoma. Binti akaangalia karatasi, akamwangalia baba yake.

"Nisomee tena."

Akausoma mstari wa chini yake.

"Na hii hapa ni ngapi?"

"Nane."

"Ni tatu, baba."

"Basi wameichapa vibaya."

Mguu wangu ukaachia pedali. Muda mrefu nilikuwa namsihi akapimwe macho, na kila mara jibu lake lilikuwa kwamba miwani ni ya wazee. Kule ghalani namba za maboksi ni kubwa kama sahani, zisingemsuta. Nikainuka, nikavua miwani yangu ninayotungia uzi, nikampachika puani bila kumwomba ruhusa.

Akatazama jedwali. Akageuza ukurasa, akageuza mwingine.

"Kumbe," akasema. Halafu, "Kumbe huku chini kuna maandishi!"

Binti alicheka mpaka akateremka kwenye kiti. Mimi mbavu sina. Mume wangu alikuwa wa mwisho kucheka, miwani yangu yenye fremu ya waridi ikimning'inia puani, kisha akaivua akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Muda wote huu," akasema, "nilidhani kichwa changu ndicho kimechoka. Nilidhani nimechelewa kuja kusoma."

Hapo ndipo nilipojua alikuwa amebeba nini peke yake. Binti alimshika bega.

Alipimwa, akapata miwani yake. Wapakiaji wakampandisha cheo, wakamwita Profesa. Mtihani akaufanya. Kisha tukangoja, na kungoja kule ndiko kulikonikondesha mimi, niliyekuwa sina mtihani.

Matokeo yalipotoka asubuhi, alinipa simu. "Soma wewe."

"Si una miwani?"

"Soma tu, mama watoto."

Nikasoma. Takwimu ya Pili, B. Akaniomba nirudie. Nikarudia kwa sauti, jirani akasikia. Hakuruka wala hakupiga kelele. Alivaa shati, akaenda moja kwa moja kwa mshauri wa masomo, wakapitia masharti yote, moja baada ya jingine, kuanzia mwaka wa kwanza. Aliporudi alisema, "Yote yametimia," akaingia chumbani akalala fofofo, mchana kweupe.

Binti nilimkuta jikoni, amesimama karibu na jiko, analia. Kwikwi zile za mtoto mdogo.

"Sasa unalia nini? Baba yako kafaulu!"

"Nilikuwa naogopa, mama. Angeanguka, ningejiona mimi ndiye niliyemwangusha. Wiki zote hizi chakula kilikuwa hakinishuki."

Nikamkumbatia, yeye na urefu wake wote. Nilihisi mabega yake yanalegea kidogo kidogo.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mume wangu akatokea, shati limekunjamana vibaya, macho yamevimba kwa usingizi.

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia. "Kaa, chai iko tayari."