Joto la Baada ya Mkate

Mtaa mzima ulijua kwamba Redio amerudi kusoma kabla hata yeye mwenyewe hajapewa ratiba ya masomo. Habari aliisambaza mwenyewe, bila shaka, maana jina lile hakuliokota njiani. Alikuwa ameuza vitambaa sokoni, akasimamia duka la vipuri la watu, akapanda mpaka umeneja wa mauzo katika kampuni ya rangi, na kote huko silaha yake ilikuwa moja: mdomo, na masikio ya kuulisha. Sasa alikuwa anamalizia shahada ya uzamili ya biashara, upande wa fedha na uendelevu, na ukimwuliza hiyo ni elimu ya nini, alikujibu bila kupepesa macho:

"Ni elimu ya kuifundisha pesa adabu. Pesa imezoea kula na kutupa maganda njiani. Sisi tunaifundisha kula na kufagia."

Nyumbani kwao hapakuwa na kiti kilichowahi kupoa. Mama yupo, shangazi yupo, watoto wa huku na wa kule wapo, na wapangaji wawili waliokuja kwa muda wakawa ndugu. Ukuta mmoja tu uliwatenga na duka la kaka yake, mwokaji wa mkate. Redio alisomea katikati ya kelele hizo kama mtu anayelala karibu na kinu. Kelele zikikatika ndipo aliposhtuka.

Kazi ya mwisho ya darasa lao ilikuwa hivi. Wanafunzi wawili wawili watafute biashara ya kweli, waiandikie mpango wa mkopo wa kijani, kisha wautetee mbele ya profesa na mjumbe wa benki iliyotenga fungu kwa ajili hiyo. Mpango ukimridhisha mjumbe, mwenye biashara anakopeshwa. Sharti la benki halikuwa na kona: mradi upunguze moshi kwa nusu au zaidi. Moshi ukiendelea kushuka, riba inashuka nao. Ukirudi, riba inapanda.

Redio hakutafuta mbali. Kaka yake alikuwa na tanuri la matofali, la kuni, alilorithi kwa marehemu baba yao, na halmashauri ilishamwambia: mwaka usiishe moshi ukiwa bado unatoka, la sivyo duka linafungwa. Kwa hiyo Redio na mwenzake, kijana mmoja mwembamba aliyetoka kampuni ya bima, ambaye darasa zima lilimwita Kikokotoo, wakaandika mpango: tanuri livunjwe, inunuliwe oveni ya chuma ya umeme. Katika mahesabu ya Kikokotoo moshi ulishuka mpaka ukakaribia kwisha.

Kaka alifurahi kupita kiasi. Alibandika picha ya ile oveni dukani, juu ya kaunta, mahali ambapo wengine hubandika picha ya harusi yao. Mteja aliyekuja kununua mkate mmoja aliondoka na mkate na hotuba.

Siku mbili kabla ya utetezi, Redio alizunguka nyuma ya duka. Hakwenda kwa ajili ya masomo. Alikwenda kwa sababu mpangaji mmoja alikuwa amerudishiwa mahari na posa imevunjika, na habari ya namna hiyo hailetwi mlangoni, unaifuata. Na mahali pa kuifuatia palikuwa kwenye foleni ya vyungu.

Foleni hiyo ilikuwapo tangu Redio hajaota meno. Kila siku mkate wa mwisho ukishatoka na moto ukishakufa, matofali hubaki na joto la kutosha kuivisha gogo. Wanawake wa mtaa huja na vyungu vyao vya maharagwe, nyama ngumu, mifupa ya supu, wakavisukuma ndani, mwokaji akafunga mlango, na jua likianza kulegea kila mtu anachukua chake kimeiva. Hakuna anayelipa. Chungu cha mama yake Redio kilikuwa cha kwanza kuingia, kwa haki ya ukuta.

"Eti posa imevunjika kweli?" Redio aliuliza kabla hajasalimia.

"Imevunjika kama sahani," alijibu mshonaji nguo, mwanamke mwenye futi ya kupimia shingoni hata siku ya mapumziko. "Lakini ngoja, msomi wetu, nina swali kwanza. Kaka yako akileta lile friji lake la moto, chungu changu nitakiweka wapi?"

"Friji la moto!" wenzake wakapasuka kwa kicheko.

"Si linapoa mara likizimwa? Ametuambia mwenyewe, kwa kujisifu. Mimi nimeshanunua jiko la mkaa, kubwa. Maharagwe hayaivi kwa matumaini."

"Nami nimenunua," alisema jirani wa pili.

"Sote tumenunua. Muuza majiko ametupunguzia kwa vile tulikwenda kundi."

Redio alisahau posa, akasahau mahari. Macho yake yalikuwa kwenye vile vyungu. Miaka yote hii alikuwa anakula maharagwe yaliyoivia humo, na wakati wa kuandika mpango hakuyakumbuka, kama vile mtu asivyokumbuka kuhesabu pua yake. Naye Kikokotoo alikuja kupima moshi asubuhi tu, wakati wa mkate. Profesa aliwafundisha jambo hilo waziwazi, akaliita uvujaji: moshi uliouzima hapa, ukafufuka pale.

Alimkuta Kikokotoo maktaba.

"Vyungu havimo ndani ya mpaka wa mradi," kijana alisema baada ya kusikiliza. "Mradi ni duka."

"Moshi unajua mpaka wa mradi?"

"Dada, hakuna atakayejua."

"Mimi ninajua. Na mimi ninaitwa nani?"

Kikokotoo alishusha pumzi, akafungua kompyuta. Wakaingiza majiko ya mkaa ya mtaa mzima. Namba ya moshi uliookolewa ikateremka, ikapita ile nusu ya benki, ikakaa chini yake.

"Basi," alisema kwa upole. "Umemfungia kaka yako duka."

Redio hakuwa mtu wa kulala na tatizo. Alikuwa mtu wa kulizungusha kwa watu mpaka lichoke. Alishika simu. Zamani zile za rangi alimfahamu fundi mmoja anayejenga matanuri ya kuchomea vyungu vya udongo, matofali yenye nyaya nene za umeme ndani. Fundi akaja kesho yake asubuhi, akagonga tanuri la kaka kwa kifundo cha kidole, akaingiza mkono mpaka begani, akasikiliza kama daktari.

"Tanuri hili ni zima kabisa," alisema. "Linataka moto mwingine, halitaki kaburi. Nitatandaza nyaya pembeni. Litachelewa kushika moto, lakini likishika, litakaa nao mpaka jioni."

Kikokotoo alikokotoa upya, palepale, juu ya gunia la unga. Vyungu vibaki tanurini, majiko yabaki bila kuwashwa. Nusu ikapatikana, na ziada.

Aliyebaki alikuwa kaka.

"Nyaya?" alisema. "Nimewaambia watu chuma, wewe unaniletea nyaya? Nitaonekanaje?"

"Utaonekana una duka."

"Na kuamka? Si amesema linachelewa kushika moto? Nitaamka saa ya wachawi!"

"Kaka, nakuomba. Nikiutetea ule mpango wa kwanza nitakuwa nimewadanganya benki, na uongo wenyewe utakurudia wewe."

"Sitii sahihi nyaya. Wewe ni msomi, endelea na usomi wako."

Wifi yake, mke wa mwokaji, alimfuata Redio mpaka mlangoni, akamnong'oneza: "Mwache alale na hasira. Huwa inaamka nyepesi."

Siku ya utetezi, chumba kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji na feni iliyozunguka kwa uvivu. Profesa alikaa pembeni. Katikati alikaa mjumbe wa benki, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi na sura ya mtu aliyewahi kudanganywa na wataalamu. Kaka na wifi walikuwa nyuma kabisa, shati la kaka limenyooshwa mpaka linakata.

"Mama, na profesa, shikamooni," Redio alianza. "Mpango tuliowaletea una kosa, na kosa ni letu."

Kikokotoo alifumba macho. Redio akaeleza yote: vyungu, foleni, majiko mapya, matofali, nyaya. Hakupaka sukari wala hakunong'ona.

Mama wa benki alivaa miwani. "Mpango wa kwanza una namba nzuri kuliko huu. Kwa nini nisichukue ule?"

"Kwa sababu mwakani mtu wenu atakuja kupima, mama. Dukani atakuta pasafi. Akizunguka nyuma atakuta majiko yamejipanga kama askari wa gwaride. Mtapandisha riba, kaka atashindwa, na nyinyi mtabaki mnatafuta mteja wa oveni iliyotumika."

"Na hizo nyaya nani kaziona zikifanya kazi?"

"Fundi yuko hai na matanuri yake yako hai. Tukimaliza hapa, twende ukayaguse. Uvue pete tu."

Profesa alikohoa ili asicheke. Mama wa benki hakucheka. Alitazama juu ya miwani, mpaka nyuma ya chumba. "Mwenye duka anasemaje?"

Vichwa vyote vikageuka. Kaka alisimama taratibu, kama mtu anayeinuka na mzigo. Wifi hakumgusa.

"Mimi nilitaka la chuma," alisema. "Hata sasa nalitaka, nisiwe mwongo. Jana nilikasirika. Lakini jioni nimefungua tanuri, nikawa nawapa watu vyungu vyao, kila mmoja ananiambia ahsante, nikajiuliza kesho wataniambia nini. Nilidhani lile joto ni sadaka tu. Kumbe ndilo linalobeba duka." Akajipangusa paji la uso. "Nitatia sahihi. Ila fundi akivunja tofali la baba hata moja, nitamwoka yeye."

Hapo ndipo mama wa benki alipocheka, kicheko kifupi cha puani. Akaandika, akasoma alichoandika. Mkopo utatoka kwa mafungu mawili: la kwanza la nyaya, la pili baada ya kupima. Moshi utapimwa mtaani, si dukani peke yake. Na katika kamati ya kupima lazima akae mwakilishi wa wenye vyungu.

"Nasi, profesa?" Kikokotoo aliuliza kwa sauti ya kuku mgonjwa.

"Mmefaulu. Jedwali la tatu bado baya."

Walifika nyumbani foleni ikiwa imeshajipanga. Redio hakuvua hata viatu vya chuoni. Alisimama juu ya ngazi ya nyuma akaitangaza habari yote, kwa mpangilio wake mzuri, kuanzia jagi la maji.

"Sasa wanataka mtu mmoja kati yenu. Mwakilishi. Atakaa mezani na benki."

"Huyo ni mimi," alisema mshonaji. "Nimezoea kupima."

"Unapima nguo na bado zinabana!" akajibiwa.

"Mwakilishi ni mwenye chungu kikubwa."

"Mkubwa wa chungu au wa mdomo?"

"Shangazi yake Redio naye anataka!"

"Shangazi hapana, hiyo ni familia, mtatuletea undugu kwenye moshi!"

Redio alinyoosha mikono yote miwili, amepata mkutano aliousomea. Kabla hajasema neno, kaka alichomoza kichwa mlangoni, mikono imejaa unga, shati la kunyooshwa halipo tena.

"Chagueni huku mnasukuma vyungu! Joto halingoji uchaguzi!"

Wakasukuma, huku wakiendelea kubishana.